Makovu ya utoto kwenye meno ya zamadamu

*Mistari na vishimo kwenye meno ya kale vimesomwa kwa miaka mingi kama kumbukumbu za homa na njaa. Wataalamu sasa wanabishana ni alama zipi ni za dhiki kweli na zipi zina chanzo kingine. Ubishi huo unawagusa hata watoto wa Meru, Tanzania, na wa Kabwe, Zambia, leo.*

Agosti 1984, kambi ya watafiti ilikuwa kando ya mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Kamoya Kimeu, kiongozi wa kikosi cha watafuta visukuku, hakupumzika. Alivuka mkondo mkavu wa mchanga, akapanda mteremko uliojaa kokoto nyeusi za lava, akainama. Alichookota kilikuwa kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, rangi yake karibu sawa na kokoto zenyewe.

Uchimbaji uliofuata ulitoa sehemu kubwa ya mifupa ya mtoto wa kiume wa jamii ya Homo erectus, aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mti wa miiba ulikuwa umeota hapo na mizizi yake ilikuwa imepenya kwenye mifupa ya uso. Meno yalikuwemo.

Meno hayo yalizua ubishi ambao Mzee Kamoya, aliyefariki dunia mwaka 2022, aliushuhudia ukikua. Kwa kimo, mtoto alikuwa na sentimita 160 hivi. Ukimpima kwa ukuaji wa mifupa, alionekana kijana wa miaka 13. Ukitazama ni meno gani yalikuwa yamechomoza, alikaribia miaka 11. Kisha Christopher Dean wa University College London na wenzake wakageukia mistari ya ukuaji ya meno yenyewe, na hesabu ikaja miaka 8 tu.

Miaka 8, na kimo cha mvulana wa darasa la saba. Watoto wa Homo erectus walikua haraka kuliko wetu.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo ndilo lililonivuta kuandika makala haya. Kwenye taya la chini, upande wa kulia, gego moja la utotoni lilikuwa limeng'oka na kuacha mabaki ya mizizi ndani. Mfupa wa hapo ulikuwa umelika. Alan Walker na Richard Leakey waliona humo dalili za uambukizo, wakakisia kwamba huenda usaha wa jino uliingia kwenye damu na kumuua mtoto yule. Ni dhana tu. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kukesha na mtoto aliyevimba shavu, kilomita nyingi kutoka zahanati, hatahitaji kuelezwa uzito wake.

Jino linavyojengwa

Jino huanza kujengwa ndani ya taya muda mrefu kabla halijachomoza. Ganda lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Seli zinazoijenga hufanya kazi kama fundi anayepiga lipu ukuta: tabaka juu ya tabaka, kila siku kidogo, takriban sehemu 4 kati ya 1,000 za milimita. Kila siku huacha alama. Kila baada ya siku 8 hivi, kwa wengine 6 na kwa wengine hadi 12, hutokea mstari mzito zaidi.

Kazi ikiisha, seli hizo hufa, na jino likishachomoza halina tena wa kulikarabati. Mfupa uliovunjika huunga. Ngozi iliyochanika hufunga. Enameli hubaki kama ilivyowekwa, iwe ni miaka mitano au milioni mbili iliyopita.

Hata kuzaliwa huonekana. Gego la kwanza la ukubwani huanza kujengwa karibu na siku ya kujifungua, na mshtuko wa kutoka tumboni huacha mstari wake. Mtaalamu akiupata mstari huo chini ya hadubini, anakuwa amepata siku ya kwanza ya kalenda, na kutoka hapo anaweza kuhesabu siku moja moja.

Sasa mtoto apate homa kali, au aharishe kwa wiki kadhaa, au kijiji kizima kikose chakula. Seli za enameli hudorora. Enameli ya siku hizo huwa nyembamba, na jino linapochomoza huja na mfereji unaolizunguka kwa ulalo, au vishimo. Kitaalamu kasoro hiyo huitwa haipoplasia ya enameli.

Msomaji anaweza kujitazama mwenyewe. Simama mbele ya kioo, mulika meno ya mbele kwa tochi ya simu kutokea ubavuni, si moja kwa moja. Kwa watu wengi, hasa vijana ambao meno yao hayajalika, vitaonekana vimistari hafifu vya ulalo. Ukiona mmoja umezama kuliko mingine, angalia uko wapi. Meno ya mbele ya juu hujengwa kuanzia ncha kuelekea kwenye ufizi, tangu miezi michache baada ya kuzaliwa hadi miaka minne au mitano. Mfereji ulio katikati ya jino unazungumzia takriban mwaka wa pili au wa tatu wa maisha. Mama yako huenda anakumbuka kilichotokea.

Kitu kimoja mfereji hausemi: ugonjwa gani. Surua na njaa huacha alama ileile. Ugomvi wote unaanzia hapo.

> Surua na njaa huacha alama ileile kwenye jino. Ugomvi wote unaanzia hapo.

Robo tatu ya Waneanderthal

Mwaka 1989, watafiti watatu wa Marekani, Ogilvie, Curran na Trinkaus, walichapisha matokeo ya kukagua meno 669 ya Waneanderthal, binadamu walioishi Ulaya na Asia ya magharibi hadi miaka 40,000 hivi iliyopita. Asilimia 75 ya watu waliokaguliwa walikuwa na angalau jino moja lenye kasoro ya enameli.

Takwimu hiyo ilisafiri mbali. Iliafikiana na picha iliyokuwapo tayari: viumbe wa pangoni, wenye njaa ya kila msimu wa baridi, wasio na akili ya kujiwekea akiba, waliofutika kwa sababu walistahili kufutika. Vitabu vikaandika hivyo. Nadhani hapa meno yalitumika kuthibitisha dharau iliyokuwa imeshaamuliwa.

Swali ambalo lilichelewa kuulizwa ni hili: asilimia 75 ukilinganisha na nani?

Mwaka 2004, Debbie Guatelli-Steinberg wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake waliyaweka meno ya Waneanderthal kando ya meno ya Wainuit wa Point Hope, Alaska, watu wa jamii yetu wenyewe walioishi kwa kuwinda katika baridi kali. Tofauti ya maana haikuonekana. Wakahesabu pia mistari ndani ya kila mfereji ili kujua msukosuko ulidumu wiki ngapi. Misukosuko ya Waneanderthal haikuwa mirefu kuliko ya Wainuit.

Kama meno yale yanathibitisha kwamba Waneanderthal walikuwa watu wa kuangamia, basi na Wainuit wangepaswa kuangamia. Wapo hadi leo.

Utafiti wa hivi karibuni umesogeza swali mahali penye faida zaidi. Mwaka 2024, Laura Limmer, Sireen El Zaatari na wenzao walichapisha ulinganisho wa meno zaidi ya 400 ya Waneanderthal na zaidi ya 400 ya Homo sapiens walioishi Ulaya na Asia ya magharibi mwishoni mwa zama za mawe za kale. Kwa jumla, kasoro zilikaribiana. Umri wake ndio uliotofautiana. Kwa mababu zetu, alama zilijaa zaidi kwenye umri wa kuachishwa ziwa, kisha zikapungua. Kwa Waneanderthal ziliendelea hata baada ya umri huo.

Umri wa kuachishwa ziwa hauhitaji maelezo kwa mama wa Afrika Mashariki. Ndipo uji mwepesi unapochukua nafasi ya maziwa, maji yasiyochemshwa yanapoingia tumboni, na unyafuzi unapopata mlango. Kwamba mtoto wa miaka 30,000 iliyopita aliyumba palepale anapoyumba mtoto wa leo ni jambo linaloniondolea kabisa hisia kwamba tunazungumzia viumbe wengine.

Watafiti hao wanapendekeza kwamba mababu zetu waliwalinda vizuri zaidi watoto waliokwisha kupita hatua hiyo, labda kwa kugawana chakula vizuri zaidi au kwa kuwalea kwa muda mrefu zaidi. Si hakika. Lakini swali la "lini" linafungua mambo ambayo swali la "wangapi" liliyafunga.

Aliyekufa haachi mstari

Kuna kikwazo kikubwa kuliko hivyo vyote, na mwaka 1992 James Wood na wenzake watatu walikiweka wazi katika makala ambayo wanafunzi wa fani hii husomeshwa hadi leo.

Mfereji kwenye jino hutokea pale ambapo ujenzi ulidorora, kisha ukaendelea. Yaani mtoto alipona. Aliyeshikwa na homa ileile akafa baada ya siku tatu hana mfereji. Jino lake ni laini, zuri, halina doa. Mifupa ya watoto wawili ikilala kaburi moja, mtafiti asiye mwangalifu atasema mwenye meno safi ndiye aliyekuwa na afya.

> Mfereji kwenye jino hutokea pale ambapo ujenzi ulidorora, kisha ukaendelea. Yaani mtoto alipona.

Kwa hiyo jamii yenye alama nyingi inaweza kuwa jamii iliyougua sana. Inaweza pia kuwa jamii iliyojua kuuguza. Mtoto wa miaka miwili mwenye homa hajitafutii maji. Mtu alimletea. Kila mfereji wa aina hiyo una mkono wa mtu mzima nyuma yake, na sioni kwa nini tuendelee kuziorodhesha alama hizi kwenye safu ya mateso pekee.

Ila tusivuke mpaka. Kupona si kutoka salama. Katika makaburi ya Dickson Mounds, jimbo la Illinois, Marekani, ambako jamii ya wawindaji ilihamia polepole kwenye kilimo cha mahindi takriban karne nane au tisa zilizopita, George Armelagos, Alan Goodman na wenzao waligundua kwamba alama ziliongezeka kadiri mahindi yalivyotawala chakula. Waligundua pia kwamba waliokuwa na alama walikufa wakiwa na umri mdogo kuliko wasiokuwa nazo. Pigo la utotoni lilikuwa limewafuata ukubwani.

Mambo hayo mawili yanavutana, na yote ni kweli.

Vishimo vya Swartkrans

Mpaka hapa tumechukulia kwamba kasoro ya enameli ni alama ya tukio: kitu kilimpata mtoto. Afrika Kusini kuna meno yanayotia shaka hata hilo.

Katika mapango ya Swartkrans na Kromdraai, kaskazini-magharibi mwa Johannesburg, yamepatikana mabaki mengi ya Paranthropus robustus, zamadamu mwenye magego mapana na taya zito. Ni ndugu wa karibu wa Zinjanthropus wetu wa Olduvai, ambaye Mary Leakey alimwona Julai 1959. Magego ya robustus mara nyingi yana vishimo vidogo vya duara, vimetawanyika, vinakaribiana ukubwa.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa lilelile: utapiamlo, homa, maisha magumu.

Mwaka 2019, Ian Towle na Joel Irish wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores walihesabu. Kati ya magego ya utotoni ya robustus, asilimia 47 yalikuwa na vishimo. Magego ya ukubwani, asilimia 14. Kwa zamadamu wengine waliolinganishwa nao, viwango vilikuwa asilimia 6.7 na 4.3.

Tazama vishimo hivyo kwa karibu na mashaka yanaongezeka. Homa hushambulia kwa wakati, kwa hiyo alama yake inapaswa kuonekana kwenye kila jino lililokuwa likijengwa wiki hiyo, kwa kimo kinacholingana. Vishimo vya robustus havifuati mpango huo. Vinapenda magego, vinaenea pande zote, na meno ya mbele yameachwa. Tukio la wiki moja haliwezi kuchagua hivyo.

Towle na Irish wakapendekeza chanzo cha kurithi. Hata leo kuna watu wanaozaliwa na enameli yenye vishimo kwa sababu ya hitilafu kwenye vinasaba vinavyoijenga. Huenda, kwa maoni yao, vinasaba vilevile vilivyompa robustus enameli nene ya kusagia vyakula vigumu vilikuja na vishimo kama gharama. Mwaka 2025 Towle na wenzake walirudi na ushahidi zaidi: vishimo vya aina hiyo vinaonekana pia kwenye meno kutoka Bonde la Omo, Ethiopia. Kama ni hivyo, vinaweza kusaidia kueleza nani ni ndugu wa nani, na havisemi lolote kuhusu njaa.

Wanaoshikilia upande wa dhiki wana hoja pia. Magego ya utotoni huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo yanabeba na afya ya mama. Jamii nzima ikiishi kwenye eneo lenye kasoro moja ya chakula au maji, kasoro hiyo inaweza kujirudia kizazi hadi kizazi na kufanana sana na ya kurithi.

Na hoja hiyo ya maji, sisi wa huku tunaifahamu kuliko wao.

Maji ya Meru

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, vijiji kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai vina watu wenye meno ya kahawia, mengine yenye vishimo, mengine yanayomeguka. Hawakukosa mswaki. Miamba na majivu ya volkano ya Bonde la Ufa humwaga floridi kwenye chemchemi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Chemchemi nyingi za Meru zinapita kiwango hicho mara nyingi. Mtoto akiyanywa wakati enameli yake inajengwa, jino huchomoza likiwa tayari limeharibika. Wengine huharibika na mifupa ya miguu.

Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimehangaika kuichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ni teknolojia inayofanya kazi. Haijafika kila kaya, na mtoto anayezaliwa mwaka huu hawezi kusubiri: enameli yake haitajengwa mara ya pili.

Fikiria mchimbaji wa miaka laki moja ijayo akifukua makaburi ya Ngarenanyuki bila kujua habari ya volkano. Ataandika kwamba hapa paliishi watu wenye njaa kali. Atakuwa amekosea, kwani ng'ombe na mashamba ya ndizi na nyanya yalikuwapo.

Atakosea na kwingine. Katika maeneo kadhaa ya Tanzania, watoto wachanga wenye homa na kuhara wamekuwa wakipelekwa kwa waganga kung'olewa "meno ya plastiki", yaani vichipukizi vyeupe vya chonge za utotoni vinavyoonekana kwenye ufizi. Uganda desturi hiyo ipo pia. Mtoto anayenusurika hukua bila chonge hizo, na za ukubwani wakati mwingine huchomoza zikiwa zimeharibika kwa sababu chombo kiligusa mbegu zake. Hapo alama ya jino haikuachwa na ugonjwa. Iliachwa na tiba.

Hata mifupa ya Olduvai imewahi kusomwa vibaya. Mtu aliyefukuliwa na Hans Reck mwaka 1913, wa jamii yetu ya Homo sapiens, alidhaniwa kuwa alichonga meno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 unaonyesha kwamba meno hayo yalisuguliwa na mapambo aliyovaa kwenye midomo na mashavu yaliyotobolewa.

Maziwa na risasi

Kuna njia ya kusoma jino inayopita mifereji na vishimo. Wataalamu hupitisha mwale mwembamba wa leza juu ya jino lililokatwa na kupima kemikali za kila tabaka.

Tanya Smith wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, na wenzake walifanya hivyo kwa meno mawili ya watoto wa Kineanderthal kutoka Payre, kusini-mashariki mwa Ufaransa, yenye umri wa miaka 250,000 hivi. Matokeo yalitoka mwaka 2018, na kwangu ndiyo kazi ya kugusa moyo kuliko zote nilizosoma katika fani hii. Mtoto mmoja alizaliwa majira ya kuchipua. Alinyonya kwa takriban miaka miwili na nusu. Misukosuko ya enameli iliangukia majira ya baridi. Na wote wawili, angalau mara mbili kila mmoja, waliingiwa na risasi mwilini, miezi ya baridi.

Namaanisha risasi ya madini. Huenda ilitoka kwenye chakula au maji, au kwenye moshi wa moto uliowashwa pangoni. Miaka 250,000 kabla ya viwanda, huenda mtoto aliota moto na kuvuta sumu.

Mwaka 2019, Renaud Joannes-Boyau na wenzake walitumia mbinu hiyo kwa meno ya Australopithecus africanus kutoka Sterkfontein, Afrika Kusini, ya zaidi ya miaka milioni 2. Madini ya bariamu, ambayo huongezeka mtoto anaponyonya, yalipanda na kushuka kwa mizunguko ya kila mwaka kwa miaka kadhaa. Maelezo yao: msimu wa njaa ulipofika, mama alimrudisha mtoto mkubwa kifuani.

Wapo wanaotia breki hapa. Bariamu imo pia kwenye mimea, na udongo wa pangoni huweza kuliingia jino baada ya kifo. Onyo hilo ni la haki. Hata hivyo mizunguko yenye mpangilio wa namna ile ni vigumu kuieleza kwa udongo peke yake, na mimi naegemea upande wa mama.

> Msimu wa njaa ulipofika, mama alimrudisha mtoto mkubwa kifuani.

Risasi inatupeleka Kabwe, Zambia. Mwaka 1921, wachimbaji wa mgodi wa risasi na zinki, mahali palipoitwa Broken Hill wakati wa ukoloni, walifukua fuvu la mtu aliyeishi takriban miaka 300,000 iliyopita. Meno yake ya juu yameoza vibaya, kumi kati yake yana matundu, na kuna majipu yaliyotoboa mfupa. Ni miongoni mwa ushahidi wa zamani na wa kutisha wa kuoza meno, ugonjwa ambao kwa kawaida tunailaumu sukari ya dukani kwa kuuleta. Maumivu yale hayakuwa na ganzi wala koleo.

Fuvu hilo liko London hadi leo, na Zambia imekuwa ikilidai. Nami nasema lirudi. Mgodi ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake lilibaki, na watoto wa Kabwe wanaishi na viwango vya risasi kwenye damu ambavyo madaktari wanaviona ni hatari kubwa. Risasi hiyo inajengwa ndani ya meno yao sasa hivi.

Kuhusu kuoza, tuongeze Taforalt, Morocco. Katika pango hilo, wawindaji na wakusanyaji wa miaka 14,000 hivi iliyopita walikuwa na matundu kwenye zaidi ya nusu ya meno ya watu wazima. Hawakulima. Walikula sana tunda la mwaloni lenye wanga.

Na Dmanisi, Georgia, kuna fuvu la miaka milioni 1.77 la mtu aliyebaki na jino moja tu. Mashimo ya mengine yalikuwa yamejiziba, ishara kwamba aliishi miaka kadhaa akiwa kibogoyo. Wengine wanasema alipondaponda chakula mwenyewe kwa mawe, na sokwe vibogoyo nao huishi. Wengine wanasema alilishwa. Mwenye bibi au babu asiye na meno nyumbani ataamua mwenyewe anamwamini nani.

Kukata au kutokata

Ili kuhesabu mistari ya ndani, kwa kawaida jino lazima lifunguliwe. Kwa jino la mgonjwa wa kliniki hilo si tatizo. Kwa jino la mtoto wa Nariokotome, lililohifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ni uamuzi usioweza kutenguliwa.

Njia mbadala ipo. Mashine ya mionzi mikali ya eksirei iliyoko Grenoble, Ufaransa, inaona hadi mistari ya siku bila kugusa kisu. Lakini jino lazima lisafiri Ulaya, na kwa nchi zilizoona mifupa yao ikiondoka bila kurudi, safari hiyo haichukuliwi kirahisi. Leza nayo huacha mikwaruzo. Wanaosema tusubiri mbinu bora wana hoja, na wanaosema watoto wa Meru na Kabwe wanahitaji majibu leo wana hoja pia.

Swali la vishimo vya robustus huenda likapata mwanga kutoka upande mwingine kabisa. Mwaka 2025, Palesa Madupe wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science protini zilizotolewa ndani ya enameli ya meno manne kutoka Swartkrans, ya takriban miaka milioni 2. Kwa protini hizo walijua nani alikuwa mwanamume na nani mwanamke, na mmoja aliyedhaniwa mwanamke kwa sababu ya meno madogo akaonekana kuwa mwanamume.

Ndani ya protini iitwayo enamelini waliona pia tofauti ndogo baina ya watu hao wanne. Enamelini ni miongoni mwa protini zilezile ambazo, zikiwa na hitilafu kwa watu wa leo, huzaa enameli yenye vishimo. Madupe na wenzake hawakuwa wakitafuta chanzo cha vishimo. Lakini hitilafu ya kurithi ikiwapo, mahali pa kuitafuta sasa panajulikana.

Kipimo hicho kinataka enameli kidogo tu, lakini hiyo hairudi tena. Maombi ya aina hiyo yatafika Nairobi na Dar es Salaam pia. Ningependa mezani, pamoja na wataalamu wa visukuku, awepo daktari wa meno kutoka Arusha aliyetumia maisha yake kutofautisha kinywa kilichokosa chakula na kinywa kilichokunywa maji ya Mlima Meru.